Visiki Sitini na Vitatu

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho na kwenye hati ya mshahara, na huko ndiko lilikoishia. Kwingine kote aliitwa Bwana Kanuni. Wakata miti walimwita hivyo, madereva wa malori walimwita hivyo, na mkewe naye, akiudhika, alimwita hivyo hivyo, na yeye akaitika bila kununa. Alikuwa mkaguzi wa misitu. Miaka thelathini na mmoja alipanda na kushuka vilima, nyundo mkobani, utepe wa kupimia mfukoni, daftari limefungwa kwa mpira lisipeperuke. Katika miaka hiyo yote hakuna aliyepata kujigamba kwamba huyu mzee tumemweka kiganjani. Walijaribu, wee! Walijaribu kwa maneno matamu, wakajaribu kwa vitisho, wakajaribu hata kumwalika harusini. Alikwenda, akala, akacheza hadi shati likamganda mgongoni, na Jumatatu yake akalizuia lori la baba wa bwana harusi kwa sababu gogo moja lilikosa mhuri.

Nyundo yenyewe haikuwa ya kupigilia misumari. Uso wake mmoja ulichongwa namba ndani ya duara, na namba hiyo ilikuwa ya mkaguzi mmoja tu. Mti ukishakatwa, mkaguzi huenda mpaka pale uliposimama, akatazama, akapima, kisha akagonga mara mbili: kwanza kwenye kisiki, halafu kwenye kitako cha gogo. Kisiki kwanza, gogo baadaye. Kisiki chenye mhuri maana yake ni kwamba mkaguzi alifika kwa miguu yake, akaona kwa macho yake, akaridhika. Kisiki kisicho na mhuri ni wizi, hata kama mwenye msumeno ana vibali vya kujaza gunia. Kwa miaka kadhaa Bwana Kanuni aliitwa chuoni kuwafunza wakaguzi wapya, na kila mwaka aliwaambia neno lile lile, akigonga meza kwa kidole: "Maneno ni upepo. Mhuri ndio shahidi."

Na nyumbani? Nyumbani alikuwa yule yule. Binti yake alipomwandikia kwamba amejifungua salama, baba mtu alijibu kwanza kwamba barua haikuwa na tarehe, ndipo akaandika hongera. Mkewe alikuwa akiwasimulia majirani kisa hicho huku akijifuta machozi ya kicheko. "Nimeolewa na rula," alisema, "lakini angalau ni rula iliyonyooka."

Sasa, mahali alipopapenda kuliko pote katika eneo lake la ukaguzi palikuwa ule mteremko wa juu ya chemchemi. Hakupapenda kwa sababu ya kazi tu. Chini ya mteremko ule ndiko alikozaliwa, na nyumba ya wazazi ilikuwa ingalipo, akiishi humo mdogo wake wa kike, mjane asiye na mtoto. Chemchemi ilitoka kati ya mawe mawili, maji baridi ya kuuma meno, na kaya zote za bondeni zilichota pale. Juu yake miti ilikuwa mikubwa, minene, imekaa karibu karibu, hata ukiingia mchana unatafuta njia kwa mguu. Kanuni ilikuwa wazi: mti wa kwenye chanzo cha maji haukatwi, ila uwe mgonjwa, na mkaguzi awe ameuona ugonjwa huo yeye mwenyewe na kugonga kisiki. Katika miaka thelathini na mmoja aliruhusu miti miwili tu ya mteremko ule. Mmoja ulipigwa na radi, mwingine ulioza hadi nyani wakawa wanalala ndani.

Mwaka huo kampuni moja ilipewa kibali cha kuvuna kitalu cha tambarare, ng'ambo ya barabara ya magogo. Mteremko haukuwamo kwenye kibali. Bwana Kanuni alisoma kibali mara tatu, akakagua mipaka, akaridhika. Mvua zikaanza, na goti lake la kulia nalo likaanza. Lilivimba likawa kama nazi, asubuhi anashuka kitandani kwa kushikilia ukuta. Ilibaki miezi minne astaafu. Angeweza kuomba ruhusa ya ugonjwa, lakini aliona aibu, maana katika kazi yake hajawahi kulala nyumbani siku ya kazi.

Hapo ndipo nyapara wa wakata miti alipomwonea huruma. Kijana wa watu, mpole, mwenye "shikamoo" ya kuinama. Akamtandikia turubai pale kwenye uwanja wa magogo, akamwekea kiti chenye egemeo, akamletea chupa ya chai.

"Mzee wangu, kwa nini ujitese na matope haya?" akasema. "Magogo si yanakuja hapa hapa? Wewe kaa, gonga. Visiki utavigonga jua likitoka, havina miguu hivyo."

Gogo kwanza, kisiki baadaye. Mtu aliyewafundisha wengine kwa miaka alilisikia kosa lile likipita mbele ya masikio yake, akaliacha lipite. Kanuni haikumruhusu, goti ndilo lililomruhusu. Aliketi pale siku tisa. Magogo yakiburutwa na trekta, yeye akanyanyuka nusu, akagonga, akaandika, akaketi tena. Yalikuwa magogo mazuri, manene, yaliyonyooka. Siku ya tano aliwaza, tambarare ile imeanza lini kutoa miti ya unene huu? Kisha nyapara akamjazia kikombe, na wazo likapita.

Mvua zilipopungua, mdogo wake alikuja kumtembelea. Alikuwa na kidumu cha maji mkononi, hakukaa wala hakutaka chai.

"Kaka, tazama haya maji."

Bwana Kanuni akatazama. Yalikuwa mekundu, na chini yalikuwa yametulia tope.

"Si mvua hiyo," akasema. "Wewe nawe, mvua ya wiki tatu, ulitaka yatoke maziwa?"

"Mvua nimezaliwa nayo. Kaka, pale chemchemini siku hizi panawaka jua. Saa nne asubuhi napigwa jua la uso nikiwa nachota. Tangu tuzaliwe, jua liliwahi kufika pale?"

Alivaa viatu vyake vya mpira na kuchukua fimbo. Mkewe alimwuliza anakwenda wapi na goti hilo, lakini alikuwa keshafika barabarani.

Alipanda mteremko kwa saa mbili, njia ambayo zamani aliimaliza kwa nusu saa. Hakuhitaji kufika juu ili ajue. Alipofika usawa wa mawe ya chemchemi aliona mbingu mahali ambapo hakuwahi kuona mbingu. Nusu ya chini ya mteremko ilikuwa imelala chini. Matawi yalitupwa ovyo, magome yamebanduliwa, na katikati ya mteremko ulipita mfereji wa matope uliochimbwa na magogo yalipoburutwa, nao ulikuwa unatiririsha maji mekundu moja kwa moja chemchemini. Nusu ya juu ilikuwa bado imesimama. Alikaa juu ya kisiki, akaangalia huku na huku, na mzee mzima akalia, kwa sauti, kama mtu aliyefiwa, maana hapakuwa na wa kumwona.

Alipomaliza kulia alihesabu. Visiki sitini na vitatu. Akapita kimoja kimoja, akapapasa kwa kiganja: hakuna chenye mhuri. Akalifungua daftari lake la siku tisa. Magogo sitini na matatu ya unene ule yalikuwa yameandikwa kwa mkono wake na kugongwa kwa nyundo yake, na wakati huo yalikuwa yameshapita vizuizi vyote vya barabarani, askari wakiona mhuri wa Bwana Kanuni na kuinua mikono kwa heshima. Pita, mzee amekagua.

Alimkuta nyapara uwanjani, akinoa mnyororo wa msumeno.

"Umekata mteremko."

"Shikamoo, mzee."

"Nakwambia umekata mteremko!"

Nyapara aliweka tupa chini, akajifuta mikono taratibu. "Mzee wangu, usinionee. Mimi nilikata, wewe uligonga. Gogo lisingetoka hapa bila wewe. Tukienda mbele ya sheria, tunakwenda wawili, na wewe ndiye unayejua kusoma kanuni." Hakusema kwa jeuri. Alisema kama anayemsaidia mzee kukumbuka kitu. "Halafu tuna oda ya ile nusu ya juu. Tusigombane."

Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii kilikuwa kimemletea na chai.

Asubuhi yake, mezani, Bwana Kanuni alimweleza mkewe kila kitu, na akamweleza pia alichokusudia kufanya. Angeandika taarifa. Angesema kwamba mteremko umekatwa bila ruhusa, kwamba hakuna kisiki kilichogongwa, na kwamba magogo aliyagonga yeye akiwa ameketi kitini kinyume cha utaratibu. Chanzo cha maji kikithibitika kuharibiwa, sheria inafunga eneo lote moja kwa moja; haingii mtu na msumeno tena, leo wala kesho. Nusu ya juu ingepona.

"Na wewe?" mkewe akauliza.

"Mimi watanifukuza."

"Na kiinua mgongo?"

"Anayefukuzwa hana kiinua mgongo."

Mkewe alikuwa amemega mkate, akaurudisha sahanini. "Miezi minne, baba watoto. Miezi minne tu! Miaka thelathini na mmoja umevaa viatu vyenye matundu, watoto wamesoma kwa kuazima vitabu, nikasema si kitu, mume wangu ni mtu safi, iko siku tutapumzika. Sasa unataka kwenda kujivua nguo mbele za watu kwa hiari yako? Ya nini? Miti ile itafufuka?"

"Iliyokatwa haitafufuka. Ya juu bado."

"Wanangu wote wametoka nyumba hii hawana baba, baba yuko porini na miti. Na leo tena miti!" Akainuka, akaenda jikoni. Alisikika akiosha sufuria moja kwa muda mrefu. Aliporudi alikuwa na kalamu mkononi, akaiweka mbele ya mumewe. "Andika. Ukinyamaza utanifia hapa nyumbani kwa kihoro, nami sitaki kukaa na maiti inayokula. Ila usiseme sikukwambia."

Aliandika kurasa sita, zenye tarehe. Akazipeleka kwa mkuu wa ofisi, kijana wa umri wa mwanawe, aliyekuwa na meza kubwa na feni iliyokuwa ikizunguka bila kupuliza. Mkuu alisoma hadi mwisho, akavua miwani, akasoma tena ukurasa wa nne.

"Mzee wangu, una hakika unataka hii ipokelewe?"

"Igonge mhuri wa kupokea, na nakala yangu pia."

Mkuu akagonga. Kisha akasema, kwa upole, kwamba kwa mujibu wa utaratibu mkaguzi aliye chini ya uchunguzi hurudisha nyundo. Bwana Kanuni alijua. Utaratibu huo aliuandika yeye na wenzake. Akaitoa nyundo mkobani, akaifuta kwa pindo la shati, akaiweka mezani. Mkuu akaifungia kwenye kabati la chuma, akazungusha ufunguo, akautia mfukoni.

Kamati ya uchunguzi ilichukua siku kumi na mbili kufika. Siku kumi na mbili hizo Bwana Kanuni alikuwa mtu mwingine. Ajabu, alipata usingizi. Alijua anakwenda kuaibika, lakini ilikuwa aibu yenye kazi, kama dawa chungu. Alimwambia mdogo wake, "Vumilia maji haya msimu mmoja. Juu wakiisha kufunga, mizizi itashika udongo, yatasafika." Mdogo wake alimwamini. Tangu utotoni hakuwahi kumsikia kaka yake akisema jambo lisilokuwa.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama wa makamo, mnene kiasi, mwenye viatu vizuri visivyofaa kwa matope. Alipomwona Bwana Kanuni alimkimbilia, akamshika mikono yote miwili.

"Mwalimu! Hunikumbuki? Nilikaa mstari wa mbele. Ulininyima alama kwa kusahau kuandika tarehe!"

Moyo wa mzee ukafurahi. Akasema, alhamdulillahi, ni mtu niliyemfunza mwenyewe, huyu ataona. Wakapanda pamoja: mwenyekiti, wajumbe wawili wenye kalamu, mkuu wa ofisi, na nyapara nyuma akiwabebea maji ya kunywa. Bwana Kanuni alitangulia na fimbo yake. Goti lilikuwa linawaka moto, lakini hakupumzika hata mara moja, alitaka wafike jua likiwa juu waone vizuri.

Alifika kwenye kisiki cha kwanza, akanyoosha fimbo. "Tazameni wenyewe. Hakuna mhuri."

Mjumbe mmoja akainama. "Upo, mzee."

"Uko wapi?"

"Si huu hapa?"

Ulikuwapo. Duara, na namba ndani yake, namba yake yeye. Akaenda cha pili: upo. Cha tatu: upo. Akawa anakwenda mbio, anachechemea, anapiga magoti kila kisiki, anapapasa, anainuka, anakwenda kingine, na wale wengine wamesimama wakimtazama. Vyote vilikuwa vimegongwa. Akageuka kumtazama mkuu wa ofisi. Mkuu alikuwa akiangalia ndege.

"Nyundo yangu imetoka kabatini," akasema Bwana Kanuni. "Mama, nyundo yangu imetolewa, ikaletwa huku."

"Kitabu cha kabati ninacho," akasema mkuu wa ofisi. "Tangu mzee airudishe haijatoka. Mnaweza kukiona." Wakakiona. Haikuwa imetoka.

"Basi tazameni mhuri wenyewe! Njooni hapa. Kisiki kibichi ukikigonga, mhuri unazama, na utomvu unajaa ndani yake ukikauka unakuwa kama gundi. Hapa utomvu uko wapi? Hapa mbao ilishakauka, imepasuka pembeni mwa duara. Huu umegongwa juzi! Hata mtoto wa wiki ya kwanza chuoni anaona!"

Mjumbe akaandika: maoni ya mkaguzi.

"Na mbao hii, mama, nusa. Huu mti ulikuwa mgonjwa? Gusa hapa katikati. Mti mzima kama chuma!"

Mwenyekiti alikigusa kisiki. Nyapara, kutoka nyuma, akasema kwa adabu kwamba ugonjwa ulikuwa wa juu, kwenye matawi, nayo matawi yalichomwa ili usienee, kama mzee mwenyewe alivyoelekeza.

Kisha Bwana Kanuni akakiona kile kisiki kingine, na matumaini yakamrudia ghafla. Kilikuwa pembeni, kimeota ukungu na uyoga, kisiki cha ule mti wa radi, wa miaka kumi na minane iliyopita. Nacho kilikuwa na duara jipya linalong'aa. Aliyeletwa kugonga alikuwa amegonga kila alichokiona.

"Sitini na nne!" akapiga kelele. "Hesabuni! Ripoti yangu inasema sitini na tatu, daftari langu linasema sitini na tatu, leo ni sitini na nne! Hiki kimekufa kabla sijaota mvi! Nani anagonga mhuri wa mwaka huu kwenye kisiki cha mwaka ule? Mwizi asiyejua kazi!"

Wajumbe wakatazamana, mmoja akaangua kicheko, akaziba mdomo. Mkuu wa ofisi akasema polepole, kama anayezungumza kuhusu mgonjwa aliye chumba cha pili, "Mama mwenyekiti, mzee wetu amefanya kazi muda mrefu. Amechoka. Kugonga kisiki cha zamani, kusahau kwamba alivigonga vyote... si jambo la kumwadhibu mtu."

Mwenyekiti alimchukua Bwana Kanuni pembeni, nyuma ya lundo la matawi. Macho yake yalikuwa na huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyomuumiza zaidi.

"Mwalimu, nisikilize. Hata kama ninakuamini, niandike nini? Una maneno yako, wao wana visiki sitini na vinne vyenye namba yako. Wewe ndiye uliyetufundisha. Maneno ni upepo." Hakumalizia. "Nitaandika kwamba umechoka, kwamba ulipata homa ya mvua. Hutapoteza kitu. Nenda ukapumzike."

Watu huomba kusamehewa wasipate. Yeye alikuwa ameomba kuadhibiwa, akanyimwa.

Taarifa ya kamati ilitoka baada ya wiki moja, nayo ilikuwa na tarehe kila ukurasa. Uvunaji ulifanyika kwa kuzingatia kanuni. Visiki vyote vina mhuri halali. Mkaguzi arudishiwe nyundo yake, na ashukuriwe kwa utumishi uliotukuka. Hayo yote angeweza kuyameza. Lakini kulikuwa na aya ya mwisho. Kwa kuwa miti sitini na zaidi imethibitishwa na mkaguzi kuwa na ugonjwa, na kwa kuwa ugonjwa huenea, nusu ya juu ya mteremko inatangazwa kuwa eneo la maambukizi, na miti yake yote iondolewe kabla ya mvua zijazo.

Mkewe aliisoma ile taarifa mara mbili, akapiga magoti hapo hapo sebuleni, akamshukuru Mungu kwa kiinua mgongo. Kisha alipouona uso wa mumewe, akainuka, akamkalia karibu, akamshika bega.

"Niambie kweli, mimi peke yangu," akamnong'oneza. "Huenda ulivigonga, ukasahau? Si ulikuwa na homa?"

Bwana Kanuni alimtazama mwanamke aliyeishi naye miaka yote ile. Hakukuwa na ubaya wowote usoni mwake, alikuwa anauliza tu.

Alikwenda ofisini, akamwambia mkuu, "Sigongi mimi mteremko ule. Tafuta mwingine."

"Sawa," mkuu akasema. "Nitamtuma mwingine. Naye hana goti bovu, ila anapenda kiti kuliko wewe. Wakimaliza juu watashuka hadi kwenye miti michache iliyobaki kando ya mawe ya chemchemi, na yeye atagonga bila kuuliza. Unataka hivyo?" Akafungua kabati la chuma, akaitoa nyundo, akaisukuma juu ya meza.

Akaichukua. Ungefanya nini wewe? Angalau angesimama pale kwenye mawe, aseme hapa mwisho, msivuke. Ndicho kitu pekee kilichobaki cha kukagua.

Jumatatu asubuhi walikuwa juu wote, wanaume kumi na wawili na misumeno sita, wamekaa juu ya magogo wakisubiri. Kwa utaratibu, injini haiwashwi mpaka mkaguzi afike, azungukie mipaka, kisha atoe ruhusa kwa mdomo wake. Bwana Kanuni alizungukia mipaka. Alizungukia yote, kwa fimbo, saa nzima na zaidi, na hakuna aliyemharakisha.

Aliporudi akamkuta mdogo wake amesimama mbele ya wale wanaume, ndoo tupu mkononi, kanga imelowa umande hadi magotini. Alikuwa amepanda peke yake kutoka bondeni.

"Kaka," akasema, na wote wakasikia. "Huyu nyapara ananiambia wanangojea neno lako. Kwamba usiposema, hawawashi. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi usiseme." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeona njia rahisi ambayo wenye elimu hawakuiona. "Si hivyo tu? Nyamaza. Tukae hapa tunyamaze mpaka waende kwao."

Nyapara aliangalia chini. Wale wanaume kumi na wawili nao waliangalia chini. Baadhi yao walichota maji kwenye chemchemi ile ile. Akinyamaza leo, kesho kutwa angekuja mwingine na kiti chake, na mawe ya chemchemi yasingekuwa na mtu wa kuyasemea. Angemwelezaje hayo, pale, mbele za watu? Aliijua kila ibara kwa namba yake, na hakuna hata moja aliyoweza kumpa dada yake akaishika mkononi.

"Rudi nyumbani, mdogo wangu," akasema.

"Nimekuuliza jambo dogo tu, kaka."

Akageuza uso, akawatazama wale wanaume.

"Anzeni," akasema.

Injini ya kwanza ikakataa, ikavutwa tena, ikawaka. Mdogo wake alisimama kidogo, kisha akaibadilisha ndoo mkono, akaanza kushuka akichagua pa kukanyaga, kwa maana njia ilikuwa imeharibika.